Kurekebisha aerobaa na stemu ya baiskeli ya triathloni

Mtu anayenunua baiskeli ya triathloni, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, au anayefunga aerobaa (mabomba ya kushika yanayoelekea mbele, yenye vitakia vya kuegemezea viwiko) kwenye baiskeli yake ya kawaida ya mashindano, mara nyingi huanza na stemu, kipande kinachouunganisha usukani na foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele. Huondoa spesa zote, zile pete zinazoinua stemu, huigeuza stemu itazame chini, kisha hujipiga picha akiwa amelala juu ya usukani kama wale aliowaona kwenye mashindano ya triathloni ya Hawaii. Akifika Tegeta, kaskazini mwa Dar es Salaam, shingo inauma, mapaja yanambana tumbo kila pedeli inapopanda, na sehemu iliyobaki ya barabara ya Bagamoyo anaimaliza akiwa ameshika usukani wa nje, mahali ambapo aerobaa haimsaidii kitu. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume: kiti hutangulia, vitakia vya viwiko hufuata, na stemu huguswa mwishoni, pale tu ambapo marekebisho mengine yameshindwa kuvifikisha vitakia mahali mwili unapovitaka.

Sababu ya mpangilio huo ni kwamba stemu haina kazi yake yenyewe katika mkao wa triathloni. Kinachokubeba ni kiti, vitakia na pedeli, na stemu ni kiungo cha kuvileta vitakia karibu au mbali, juu au chini. Ni kweli kwamba kwenye barabara tambarare kama zetu za pwani, ukishavuka kilomita 30 kwa saa, nguvu zako nyingi zinakwenda kupambana na hewa, na sehemu kubwa ya ukinzani huo husababishwa na mwili wako wala si baiskeli. Greg LeMond aliudhihirishia ulimwengu jambo hilo mwaka 1989, alipoingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akatumia aerobaa katika kilomita 24.5 za kutoka Versailles hadi Paris, na kuibuka mshindi wa mashindano yote kwa sekunde 8. Lakini zile zilikuwa chini ya dakika 30 za kazi. Anayejiandaa kwa kilomita 40 za triathloni ya Olimpiki, au kwa kilomita 90 za triathloni ya nusu ya masafa marefu, anahitaji mkao atakaoudumu nao kisha ashuke na kukimbia, kwa hiyo sentimita mbili za kushuka zinazomlazimisha ainuke kila baada ya dakika tano ni hasara tupu.

Vifaa na vipimo vya kuanzia

Utahitaji alenki za milimita 3, 4, 5 na 6, toki renchi ndogo (spana inayopima nguvu ya kukaza), tepu ya kupimia, pima maji, timazi, grisi, na dawa maalumu ya kuongeza mshiko wa kaboni iwapo baiskeli yako ina sehemu za kaboni. Tepu, pima maji na timazi hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, Kariakoo au Gerezani, na timazi ya fundi mwashi itakufaa sawasawa na vifaa vya gharama kubwa. Toki renchi ndiyo pekee nisiyoshauri uiruke. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye fremu za chuma, na mkono wao umezoea kukaza hadi bolti igome kabisa; kaboni iliyokazwa hivyo inaweza kupasuka kwa ndani bila kuonyesha alama yoyote nje, kisha ikavunjika siku unapogonga shimo. Ukimpelekea mtu kazi hii, mwambie mapema kwa heshima, "Fundi, hii ni kaboni, naomba tukaze kwa kipimo," na umkabidhi renchi yako mwenyewe.

Isimamishe baiskeli kwenye sakafu iliyo sawa. Baraza nyingi za nyumba za hapa zimejengwa kwa mteremko mdogo ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo hakikisha kwa pima maji kabla ya kuamini kipimo chochote. Kisha andika vipimo vinne: urefu kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedeli) hadi juu ya kiti, umbali wa ncha ya kiti mbele au nyuma ya ekseli hiyo, ukiupima kwa kuning'iniza timazi kwenye ncha, umbali kutoka ncha ya kiti hadi ukingo wa nyuma wa kitakia, na tofauti ya kimo kati ya juu ya kiti na juu ya kitakia. Bandika tepu ya umeme kwenye bomba la kiti na kwenye mabomba ya mbele ya aerobaa pale yanapoingia kwenye vibano, ili ukipotea uweze kurudi ulikotoka. Yote haya yafanyike kabla alenki ya kwanza haijaingia kwenye bolti.

Kiti, kwa ufupi

Baiskeli ya triathloni humweka mpandaji mbele zaidi. Pembe ya bomba la kiti huwa nyuzi 76 hadi 80 hivi, ilhali ile ya baiskeli ya kawaida ya barabarani huwa 72 hadi 74. Kusogea huko mbele ndiko kunakofungua nyonga pale kifua kinaposhuka. Ukiteremsha vitakia bila kukisogeza kiti mbele, nyonga hujifunga, pumzi hukatika na miguu huchoka kabla ya wakati. Kwa kila milimita 10 unazosogeza kiti mbele, kipandishe milimita 2 hadi 3, kwa sababu kimeikaribia ekseli. Ncha yake iwe sawa na ardhi au iiname kidogo sana, isiinuke. Hakikisha pia kliti za viatu, vile vipande vya chini vinavyojifunga kwenye pedeli, zimeshakaa mahali pake, maana kuzibadilisha baadaye kunakurudisha mwanzo.

Vitakia vya viwiko

Hapa ndipo penye kazi. Panda baiskeli ikiwa kwenye trena, kifaa cha kuendeshea baiskeli ikiwa imesimama, au iegemeze ukutani huku ndugu au rafiki akiishikilia, na umwombe akupige video ya simu kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga. Piga pedeli kwa nguvu ya mashindano, si kwa ulegevu, kwa kuwa mwili hujipanga tofauti unapofanya kazi kweli.

Anza na umbali. Kitakia kinapaswa kubeba nyama ya mkono mbele kidogo ya kiwiko, wala si ncha ya kiwiko yenyewe. Ukiitazama video, mstari wa mkono wa juu na mstari wa kiwiliwili vikutane begani kwa pembe inayokaribia nyuzi 90, na kiwiko kikunjike kwa nyuzi 90 au kuzidi kidogo. Mkao huo huuacha mfupa ubebe uzito badala ya misuli. Njia rahisi ya kujipima ni kulegeza mabega kabisa huku ukiendelea kupiga pedeli. Ukijikuta unateleza kuelekea ncha ya kiti na kila mara unajirudisha nyuma, ama vitakia viko mbali mno au ncha ya kiti imeinama mno. Ukihisi unasukumwa nyuma na mabega yanapanda kuelekea masikioni, viko karibu mno. Aerobaa nyingi zina matundu kadhaa ya bolti chini ya kitakia, na kuhama tundu moja kunatosha kuleta tofauti unayoihisi papo hapo.

Kimo kije baada ya umbali. Kwa anayeanza, napendekeza vitakia viwe karibu usawa mmoja na kiti au chini yake kwa sentimita tatu au nne, si zaidi. Ukishadumu humo muda wote wa mazoezi marefu, teremsha milimita 5 hadi 10, kaa na mabadiliko hayo kwa wiki moja au mbili, ndipo uamue tena. Unapokuwa umeshuka kupita kiasi, nyonga huanza kuyumba huku na huku juu ya kiti, magoti hutoka nje ili kulikwepa tumbo, na macho huona lami iliyo mbele ya gurudumu tu. Dalili hiyo ya macho isipuuzwe hapa kwetu. Barabara zenye matuta, mifuniko ya mitaro na bodaboda zinazokatiza ghafla zinamtaka mpandaji aone mbali bila kuikaza shingo, na mkao unaokufanya utazame chini ni wa hatari hata kama ungekuongezea kasi.

Upana nao una mvuto wake, kwa sababu viwiko vilivyobanana huonekana vya kitaalamu. Anza na upana unaokaribia ule wa mabega yako, kisha punguza kidogo kidogo. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam mwili unahitaji kupumua kwa kina na kujipoza, na kifua kilichobanwa hakipumui vizuri. Ukiona mapigo ya moyo yamepanda kwa kasi ileile uliyoizoea, rudisha upana. Baadhi ya watu hupata manufaa zaidi kwa kuinua mabomba ya mbele nyuzi 10 au 15 kuliko kwa kubana viwiko, maana mikono iliyoinuka kidogo huzuia mwili kuteleza mbele na huwapa mabega mapumziko. Kitakia kifuate mwinamo huo, vinginevyo ukingo wake utakuchimba mkono.

Baada ya saa moja ya kuendesha, tazama ngozi ya mikono yako. Alama nyekundu iliyosambaa sawasawa inaonyesha kwamba uzito umegawanyika vizuri. Mstari mwembamba uliokolea upande wa kifundo cha mkono unaonyesha kwamba ukingo wa mbele wa kitakia uko juu mno, na mstari ulio karibu na kiwiko unaonyesha kinyume chake. Alama ya ndani peke yake hutokea pale vitakia vinapokuwa vimepanuka kuliko mikono inavyotaka kukaa, na tiba yake ni kuvizungusha kidogo au kuvisogeza ndani.

Urefu wa mabomba ya mbele huamuliwa mwishoni. Vidole vizunguke ncha ya bomba bila kunyooka, kifundo kisipinde, na kidole gumba kifikie kibadilishia gia bila kiwiko kutoka mahali pake. Usikate bomba lolote mpaka umetumia urefu huo kwa majuma kadhaa, na kumbuka kwamba waya wa gia ukishafupishwa haurefuki.

Stemu

Ukiwa umemaliza matundu na vipandishio vyote vya vitakia na bado hujafika unapotaka, sasa fungua stemu. Kwanza itambue. Baiskeli nyingi mpya za triathloni zina stemu ya kampuni yenyewe iliyoungana na usukani, na hizo hurekebishwa kwa vipande vyake maalumu tu kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Yanayofuata yanahusu stemu ya kawaida inayoshika bomba la foki la milimita 28.6 na usukani wa milimita 31.8.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba bomba la foki limelalia nyuma, kwa kawaida kwa pembe ya nyuzi 72 au 73. Hivyo stemu haishuki wima: ukiondoa spesa chini yake inashuka na pia inakwenda mbele. Tuseme unataka vitakia vishuke milimita 20 na visogee mbele milimita 10. Ukiondoa spesa za milimita 20, vitashuka milimita 19 na vitasogea mbele karibu milimita 6 bila wewe kufanya lolote lingine, na milimita 4 zilizobaki utazipata kwenye matundu ya kitakia. Mtu asiyelijua hilo hununua stemu ndefu zaidi, kisha anashangaa kwa nini mabega yamenyooka kupita kiasi.

Kugeuza stemu juu chini ni njia nyingine isiyo na gharama. Stemu ya milimita 100 yenye pembe ya nyuzi 6, ikigeuzwa kutoka kutazama juu hadi kutazama chini, huushusha usukani karibu milimita 20 na kuupeleka mbele milimita 6 hivi. Stemu yenye pembe hasi ya nyuzi 17 hukaa karibu sambamba na ardhi, na uzuri wake ni kwamba ukibadilisha urefu wake kimo hakibadiliki. Stemu huuzwa kwa hatua za milimita 10. Aliyefunga aerobaa kwenye baiskeli ya kawaida mara nyingi huhitaji stemu fupi zaidi, kwa kuwa fremu yake imetengenezwa kwa mtu anayekaa nyuma. Hata hivyo asiifupishe mno huku akivisukuma vitakia mbele kabisa, kwani uzito wote ukining'inia mbele ya usukani baiskeli huanza kuyumbayumba mikononi. Ahakikishe pia kwamba usukani wake, hasa ukiwa wa kaboni, umeruhusiwa kufungwa aerobaa, na kwamba vibano vinashika sehemu ya duara na si sehemu bapa.

Utaratibu wa kufungua na kufunga stemu una mpangilio usiogeuzwa. Legeza bolti mbili za ubavuni, kisha toa bolti ya kifuniko cha juu. Shikilia foki kwa mkono mmoja isidondoke, inua stemu, panga spesa unavyotaka, na zile unazoziondoa chini zirudishe juu ya stemu badala ya kukata bomba la foki. Ukingo wa bomba uwe chini ya ukingo wa spesa ya juu au wa stemu kwa milimita 2 au 3, la sivyo kifuniko kitagusa bomba badala ya kuzibana beringi. Kaza kifuniko cha juu kwanza, kidogo kidogo, hadi ulegevu uishe. Kazi yake ni kuondoa ulegevu wa beringi tu, hakishiki usukani, kwa hiyo hakitaki nguvu. Nyoosha stemu ilingane na gurudumu la mbele, ndipo ukaze bolti za ubavuni kwa zamu, robo mzunguko kila moja, hadi kipimo kilichoandikwa kwenye stemu yenyewe, ambacho mara nyingi ni nyutoni-mita 5 hivi. Bolti nne za uso wa stemu zikazwe kwa mtindo wa msalaba, na mianya ya juu na chini ibaki sawa. Kwenye kaboni pakaa dawa ya mshiko. Grisi iende kwenye nyuzi za bolti peke yake.

Sasa kagua. Shika breki ya mbele, weka vidole vya mkono wa pili pale fremu inapokutana na spesa ya chini, na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mgongano mdogo chini ya vidole, beringi bado zimelegea: legeza bolti za ubavuni, ongeza kifuniko kidogo, kaza tena. Inua gurudumu la mbele na uuache usukani uanguke wenyewe kulia na kushoto. Ukikwama katikati umekaza mno. Mwishowe uzungushe hadi mwisho kila upande na uangalie kama waya au mipira ya breki inavutika, kwa maana kupandisha usukani hata sentimita mbili kunaweza kuumaliza urefu wa waya uliokatwa kwa kubana.

Barabarani

Jaribio la kwanza lisifanyike katikati ya magari. Toka alfajiri, mwanga ukishakuwepo, na chagua kipande unachokifahamu, kwa mfano Toure Drive au barabara za Kigamboni zilizotulia baada ya daraja. Mikono ya breki iko kwenye usukani wa nje, hivyo fanya mazoezi ya kutoka kwenye vitakia kwenda kwenye breki hadi ufanye bila kufikiri, na kwenye kila tuta, makutano na kituo cha daladala uwe umeshatoka tayari. Ukivuka Daraja la Tanzanite kutoka mjini kuelekea Coco Beach, upepo wa baharini hukupiga kutoka kulia, na msimu wa kusi unaweza kukusukuma kwa ghafla. Hapo utajua kama umeweka uzito mwingi mno mbele. Beba alenki, na usirekebishe zaidi ya kitu kimoja kwa safari moja, kwa sababu ukibadilisha viwili hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Kaza upya kwa kipimo baada ya safari ya kwanza na ya pili, maana spesa na vibano hujikalia. Baada ya hapo adui ni chumvi. Katika mkao huu jasho la uso hudondoka moja kwa moja juu ya kifuniko cha stemu na kwenye bolti za vitakia, na likichanganyika na hewa ya bahari huacha unga mweupe kwenye matundu ya bolti, kisha kutu, hadi siku unapotaka kurekebisha alenki inazunguka kwenye tundu lililolika. Futa sehemu hizo kwa kitambaa chenye maji baridi kila unaporudi, fua vitambaa vya vitakia, na kila baada ya miezi michache toa bolti moja moja, isafishe, ipake grisi na uirudishe kwa kipimo kilekile. Bomba la foki lisikatwe mpaka mkao umetulia kwa msimu mzima, na hata hapo acha nafasi ya spesa ya milimita 5 au 10 juu ya stemu.